Idi Ile Mama Hakupaka Hina

Claver na Asha, tangu siku mliyoniaga kwa soda na maandazi hamjaniacha nipumzike. Mara Asha anapiga simu kuuliza funguo ya kabati iko wapi, mara Claver anataka kujua mtu akileta picha ya babu yake aanze na swali gani. Basi naandika, ili mkinipigia tena niwaambie nendeni mkasome. Msitegemee habari za vyeo wala mshahara. Vyeo havikuwepo, na mshahara mnaujua wenyewe.

Kwa atakayeziokota karatasi hizi bila kutujua, kazi yetu hapa Rumonge, kando ya ziwa upande wa Burundi, ni kuwasaidia watu kutafuta wazee wao waliokuwa askari. Mwambao huu umetoa askari kwa kila Mzungu aliyepita. Mdachi, yaani Mjerumani, alichukua, Mbelgiji akachukua, na Mwingereza wa Kigoma naye akachukua vijana wetu waliovuka mpaka kutafuta kibarua. Wajukuu wao sasa wanauliza walikwenda wapi na kama walirudi. Ni kazi nzuri ukiisimulia. Ukiifanya, inakutoa jasho na matusi.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa kitenge kipya, nikakuta biro, yaani ofisi yenyewe, ni chumba kimoja juu ya ghala la mawese. Kitenge kile kilinuka mawese mpaka kilipochanika. Aliyenipokea ni Madamu Espérance, mwanamke wa Bugarama, Mkristo, mwembamba, aliyesomea mambo ya nyaraka Bujumbura na aliyekuwa akiongea na watu wote kana kwamba wamechelewa. Alinipa penseli na lenzi ya kukuzia picha, akaninyang'anya kalamu yangu ya wino.

"Wino ni ya watu wenye kujua," alisema. "Weye Zaituni, bado hujui kitu. Andika vile mutu anasema. Usiandike vile unafikiri."

Nilichukia. Baadaye nikaona ana haki, lakini kuchukia nilichukia. Kanuni zake nyingine mtazikuta nyuma ya mlango, ameziandika kwa Kifaransa. Ya muhimu kuliko zote hakuiandika, alikuwa akiirudia kwa mdomo: mdomo mmoja hautoshi. Tafuta mdomo wa pili, na afadhali uwe wa mtu ambaye hapendi kusema hilo neno.

Mteja wangu wa kwanza alitoka Gitaza, akanuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, nami nikanuka mawese, tukaelewana. Alisema babu yake alikuwa sajini wa Mbelgiji. Nikaandika sajini. Wa pili akasema sajini. Wa tatu alipoketi nikaandika sajini kabla hajafungua kinywa, Madamu Espérance akanipiga jicho. Nywele zangu zimekuwa nyeupe katika kazi hii na sijawahi kumpata mjukuu wa mpagazi. Wote ni wajukuu wa masajini. Inaelekea katika vita vile vya kwanza mizigo ilijibeba yenyewe mpaka Tabora, na masajini wakaifuata nyuma wakiimba.

Halafu kuna picha. Asha, hapa nisikilize vizuri, maana hili litakutia wazimu. Askari wa Mbelgiji wa zamani mara nyingi alipigwa picha peku. Nguo za jeshi anazo, bunduki anayo, miguu mitupu ardhini. Kwetu sisi miguu ile ni ushahidi kamili. Kwa wajukuu ni aibu, wanaona watu watasema babu yao alikuwa maskini. Wanachukua makasi wanakata picha kwenye magoti. Kisha wanaipeleka studio mjini, kule kijana wa kompyuta anamvalisha babu koti na tai nyekundu, anamwekea nyuma bustani ya maua, na picha halisi inatupwa. Wanakuletea mtu anayefanana na mkurugenzi wa benki, wanakuambia, haya, tutafutie alikuwa jeshi gani. Nimewahi kumuuliza mama mmoja vipande vya chini viko wapi. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba alivifunikia chupa ya mafuta ya taa.

Na akiwa na viatu vinavyong'aa, mkanda mpana kifuani na upanga, msishangilie. Angalieni upanga kwa lenzi. Ukiwa wa mbao, huyo alikuwa kapteni wa ngoma ya beni. Vijana wa mijini walikuwa na vyama vyao vya ngoma, na kila chama kilikuwa na makapteni na majenerali wake, wakishindana na chama cha mtaa wa pili kwa mavazi na nyimbo. Jenerali wa ngoma alikuwa mtu mkubwa mtaani, na mimi ningefurahi kuwa mjukuu wake. Jaribuni kumwambia hivyo mjukuu mwenyewe. Mmoja alinirushia kiti.

Nakuja kwenye kesi ninayotaka mwijue, ya mwaka wangu wa mwisho. Madamu Espérance alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Bugarama kulima mihogo, na nyinyi wawili mlikuwa bado wageni. Claver utamkumbuka yule bibi aliyepanda ngazi zetu kwa makalio, akikaa kila ngazi na kupumzika, akakataa kushikwa mkono.

Jina lake Bi Hadija, kutoka Kabonga. Umri wake hakuujua, ila alizaliwa kabla kidogo ya vita vya pili. Baba yake, Shabani, alivuka kwenda Kigoma akaingia jeshi la Mwingereza, akaenda vitani akamwacha mtoto anatambaa. Hakurudi. Rajabu, kaka yake Shabani, aliyekuwa mkubwa wa nyumba hapa Rumonge, alitangaza kwamba ndugu yake alitoroka jeshi na kuoa kwingine. Mama yake Bi Hadija alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, hana ndugu upande huu. Alifukuzwa na mtoto wake, akaenda Kabonga kuanika ndagala za watu, na hakukaa sana akafa. Mtoto akalelewa na majirani. Kila Idi alipopelekwa Rumonge kumsalimia baba yake mkubwa, watoto wa nyumba ile walimpokea kwa jina moja: mtoto wa mtoro.

"Amahoro, mama," nilimwambia. "Unataka nini hasa?"

"Nataka kujua alikufa ao alikimbia," alisema. "Basi. Miye sitaki mashamba yao ya mawese, wayanywe. Niko muzee. Siku nikifa watasoma jina langu, Hadija binti Shabani, na kule nyuma mutu atacheka. Nataka nijue kama iko na haki ya kucheka."

Niliandika alivyosema, kwa penseli.

Tulianza kama kawaida, na kama kawaida tukagonga ukuta. Tuliandika Uingereza. Wao wanauliza jina la ukoo. Nimewaeleza wazungu wa kila namna kwamba Burundi kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, baba ana lake, kaka ana lake, hakuna ukoo wa kuandika kwenye kile kisanduku. Wanajibu kwa adabu, asante, tafadhali jazeni jina la ukoo. Na kijana aliyevuka mpaka na kujiandikisha Kigoma alitaja jina lolote na chifu yeyote, bora apewe blanketi. Akina Shabani waliokuwa jeshini ni wengi kama dagaa. Jibu likaja kwamba wa kwetu hawamwoni. Picha haikuwepo. Wazee wa mtaa waliojua, wengine wamekufa, wengine walikimbilia Tanzania zamani na hawakurudi.

Nilimwita Bi Hadija nimweleze. Akapanda tena ngazi zote kwa mtindo wake. Nilikuwa na hasira siku hiyo, na Waingereza, na ngazi, na Shabani mwenyewe ambaye hakuweza kumtumia mkewe hata salamu. Nikakumbuka Madamu Espérance alivyokuwa akifanya akikwama. Alikuwa akimwacha maiti kwanza, anauliza habari za nyumba: mlikula nini, mlilala wapi, nani alikupiga.

"Kabla hamujafukuzwa," nikamuuliza, "unakumbuka nini mu ile nyumba ya Rumonge?"

"Mambo ya kitoto tu."

"Sema hayo hayo ya kitoto."

Akacheka kidogo. "Nakumbuka Idi moja nililia sana. Wenzangu wote mama zao walipaka hina, na wao wakapakwa. Mama yangu hakupaka. Nikamuletea hina mwenyewe, nimeomba kwa jirani, mu jani. Akakataa. Nikasema mama huyu ni mubaya. Hata nguo mupya hakuvaa, alibaki na ile shuka yake nyeupe, kila siku ile nyeupe. Wakaniambia mama iko mugonjwa."

"Alikuwa analala?"

"Hapana, alikuwa anakaa. Anafanya kazi zake ndani. Ila hatoki. Hata ziwani haendi, bibi wa jirani ndiye alituletea maji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku moja wanawake wakakuja wakamuosha, akavaa nguo ya rangi. Nilifurahi, nikasema mama amepona. Kisha haikupita muda tukafukuzwa."

Niliweka penseli chini. Claver, wewe ulikuwa unapanga mafaili ukaniuliza kama naumwa. Wewe ni Mkristo, hukuweza kujua. Asha hakuwepo, naye angejua mara moja. Hina hapaki, manukato hajitii, nguo ni ile moja nyeupe, nje hatoki, na mwishowe wanawake wanakuja kumwosha. Mwanamke Mwislamu wa mwambao huu anakaa hivyo kwa jambo moja tu, mume wake akifa.

"Bi Hadija," nikasema, "mama yako hakuwa mgonjwa. Alikuwa eda."

Alinitazama kama nimemtukana. Yeye mwenyewe amekaa eda, amezika mume, amewakalisha eda binti zake, anaijua kuliko mimi. Lakini ile Idi aliihifadhi jinsi alivyoiona akiwa mtoto, mama mbaya aliyekataa hina, na hakuwahi kuitoa kuiangalia kwa macho ya mtu mzima.

"Eda ya nani?" akauliza.

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Nikageuka nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Nilimpigia simu Madamu Espérance. Ilibidi nimweleze eda ni nini, tangu mwanzo, naye akawa ananikatiza. Nilipomaliza akanigombeza. Miaka yote hiyo tumeketi meza moja, tumeuliza familia ngapi za Waislamu, na mimi sijamwambia kuna kitu kama hicho! Nikamwambia hakuniuliza. Akasema, "Ni sawa, lakini huyo alikuwa mutoto mudogo. Mudomo moja haitoshi." Akakata simu. Hata salamu za watoto hakuuliza.

Mdomo wa pili ulikuwa mmoja tu duniani, na haukupenda kufunguliwa. Mzee Saidi ni mjukuu wa Rajabu, ndiye mwenye ile nyumba ya zamani na mashamba ya mawese. Kwa Bi Hadija ni mtoto wa binamu yake, anatakiwa kumwita shangazi. Alinipokea vizuri, akaniletea chai, na kwa muda mrefu kabisa alizungumzia bei ya mawese. Ukutani kulikuwa na picha ya Rajabu, tai nyekundu, bustani ya maua. Nilijizuia.

Nilipotaja Bi Hadija alishusha kikombe. "Yule mama anataka mashamba."

"Hataki. Anataka kujua habari za baba yake."

"Habari iko moja. Alitoroka. Na babu yangu alimutendea vizuri sana yule bibi ya mutoro, watu hawasemi! Alipotoka ndani, babu akamuambia, nitakuoa, nitakulea weye na mutoto wako. Akakataa! Muke wa kiburi. Sasa babu afanye nini? Akamuambia basi, rudi kwenu."

Hadithi hiyo waliisimulia nyumbani kwao kama sifa. Nadhani wameisimulia kila Idi, baba kwa mtoto, na hakuna hata mmoja aliyesikia anachosema. Niliweka sukari katika chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

"Babu yako alikuwa mtu wa dini?"

"Aliadhini mu musikiti ule wa zamani mpaka alikufa!"

"Basi mimi sielewi, Mzee Saidi, nisamehe. Shabani ametoroka, maana yake yuko hai mahali. Hakutoa talaka, na kadhi hakuvunja ndoa. Na babu yako, mwadhini, anamposa mke wa mtu mwingine?"

Akasimama. Nilidhani naye atanirushia kiti.

"Astaghfirullah! Mama, weka adabu! Babu yangu hawezi kuposa bibi ya mutu! Alimungoja mpaka amemaliza eda! Alikuwa mujane!"

Neno likatoka lote, likabaki hapo sebuleni. Mzee Saidi alitazama ukutani, kwa babu yake na tai yake. Kisha akaketi polepole. Sikuandika kitu, penseli ilikuwa mkobani.

Mwishowe akasema, "Sisi tulizaliwa tukasikia mutoro." Na baadaye, "Alikuwa na hasira, yule babu. Alikataliwa." Nilimwambia ndiyo, na mashamba nayo yalikuwepo, maana aliyekufa anarithiwa na mtoto wake, ila mtoro anahesabiwa yuko hai, hana wa kumrithi. Hakubisha. Nani aliyeileta habari ya kifo pale nyumbani, sijui mpaka leo. Ila ililetwa, nyumba nzima iliipokea, wakamkalisha mjane eda, na alipokataa kuolewa wakaamua haikuletwa.

Nilikwenda Kabonga mwenyewe, sikutaka apande ngazi tena. Nilimkuta Bi Hadija uani, anachagua mawe kwenye maharage. Nikamweleza yote, pamoja na neno la Saidi kama alivyolisema. Nilingoja ashukuru Mungu, na mimi niseme alhamdulillah, niwahi gari la kurudi.

Akaendelea kuchagua maharage. Kisha akaisukuma sinia, yakamwagika.

"Nimemuchukia," alisema. "Munasikia? Nimemuchukia huyu mutu maisha yangu yote. Nilikuwa nasema kule aliko anakula na watoto wake wengine, aliwanunulia nguo za Idi. Nikipita mu soko ya Kigoma nikaona muzee, namuangalia uso, nasema labda ni huyu, nimutemee mate. Nimeolewa, nimezaa, niko namutafuta nimutemee mate. Na yeye alikuwa amekufa! Tangu zamani! Alikuwa amekufa mama akiwa mu nguo nyeupe, na miye nalilia hina!"

Nilimwambia hakuwa na kosa, alikuwa mtoto. Akaniambia ninyamaze. Claver na Asha, hilo nalo liandikeni: mtu anaweza kuja kwenu kutafuta ukweli, mkampa, akawa amepoteza mtu aliyekuwa naye. Mimi nilidhani namrudishia heshima ya baba. Kwa hesabu yake yeye, baba alikuwa hai asubuhi hiyo.

Akalia. Kisha akamwita mjukuu wake wa kike akamwambia atandike mkeka.

"Wa nini, bibi?"

"Wa matanga. Hukusikia? Babu yako Shabani amekufa."

Mjukuu alinitazama, nikamwambia atandike. Nilikosa gari la kurudi, na la kesho yake pia. Majirani walikuja, mwanzo kwa mshangao, kisha kwa vitendo, maana hakuna anayejua kukaa karibu na mfiwa bila kufanya kitu. Ndagala zilikuja, unga ulikuja, mimi niliyekuja kutoa taarifa nikapewa vitunguu nikate. Mwalimu wa madrasa alisoma, akataja Shabani na jina la baba yake mara nyingi, kwa sauti, ili atakayetaka kucheka acheke. Jioni gari la mawese likasimama njiani, akashuka Mzee Saidi na magaloni ya mafuta ya kupikia. Alivua viatu, akaja mpaka ukingo wa mkeka, akapiga magoti na uzee wake.

"Pole, shangazi," alisema. "Pole na musiba."

Bi Hadija alimwacha hapo chini kwa muda, halafu akampa mkono. Hakumwambia amesamehe, wala Saidi hakuuliza.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mgeni wa jirani kutoka Nyanza-Lac, aliyekuta watu wamejaa akaingia kutoa pole bila kujua lolote. Alikaa karibu na yule bibi mzee, akamshika mkono, akauliza vile tunavyouliza sote.

"Umefiwa na nani, bibi?"

"Na baba yangu," Bi Hadija akasema.

Yule mgeni akatikisa kichwa kwa heshima. "Eh! Mungu alimupa miaka mingi. Alikuwa muzee sana?"

"Hapana," alisema Bi Hadija. "Alikuwa kijana. Ameacha mutoto mudogo."